Hojaji ya kisukari ikishatafsiriwa, msomee mgonjwa kwanza

Mimi mtu wa Tanga, lakini hojaji iliyonifunza kazi hii ilikuwa ya Krioli ya Haiti. Kliniki niliyofanyia kazi Boston ilikuwa na wazee wengi wa Kihaiti wenye kisukari. Nilikaa nao pamoja na mkalimani, nikijaza majibu yao kuhusu ubora wa maisha.

Tafsiri ilikuwa imepita hatua zote: watafsiri wawili, kisha wa tatu akairudisha kwenye Kiingereza bila kuona ya awali. Ikarudi safi kabisa. Mama wa kwanza tu, mambo yakaharibika. Tulimuuliza kama "sik", yaani sukari, inamsumbua akiwa na wenzake. Akasema hapana, siku hizi kahawa anakunywa chungu. Krioli ni kama sisi: sukari ni ya kikombeni, na ni maradhi pia. Mtafsiri wa tatu hakuteleza kwa sababu alijua anasoma hojaji ya kisukari.

Basi kabla ya kuchapisha, wasomee wagonjwa wachache. Usiwaulize "umeelewa?" maana mzee atakuitikia kwa adabu tu. Uliza: "Hapa umesikia nataka kujua nini?"

Maneno ya moyoni ndiyo magumu zaidi. Karatasi ilisema "anksyete", yaani wasiwasi. Wazee walisema "kè sere", moyo kubanwa, au "reflechi twòp", kuwaza kupita kiasi. Bibi yangu angewaelewa bila mkalimani! Ila ukitumia "kè sere", hakikisha hasemi maumivu ya kifua.

Halafu mifano. SF-36, hojaji maarufu ya afya yenye maswali 36, inapima kazi za wastani kwa kusukuma meza, mashine ya kufyonza vumbi, hata kucheza gofu. Ukibadilisha, tafuta kazi yenye uzito uleule (ndoo ya maji kichwani si gofu), na uombe ruhusa kwa wenye hakimiliki.

Usiwakabidhi karatasi wajaze wenyewe. Krioli ilipata kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa katika katiba ya 1987. Wengi wa wazee hawa, kama walisoma, walisomeshwa kwa Kifaransa, si kwa Krioli. Wasomee kwa sauti, na anayewasomea asiwe mtoto wao. Baba mmoja, binti yake akimtafsiria, aliipa afya yake 90 kati ya 100. Wiki iliyofuata alikuja peke yake, tukarudia na mkalimani. Akasema 40.