Tapas za bure ni Granada, sio Sevilla

Hapana ndugu, aliyekwambia ukiagiza kinywaji Sevilla, kule Hispania, unaletewa tapa ya bure, yaani kisahani kidogo cha chakula cha baa, kakuchanganyia miji, hiyo ni Granada, na Almería na Jaén nako ipo. Sevilla kila kisahani kina bei yake kwenye menyu, labda wakuwekee zeituni kidogo basi. Nakwambia hivi maana nilikaa Sevilla kwa masomo na wikendi tulikuwa tunapanda basi kwenda Granada kwa ajili hiyo hiyo, unaingia baa za Calle Navas, unaagiza soda au bia, chakula kinakuja chenyewe, ila huchagui wewe, anachagua mwenye baa.

Sasa kwenye ile ziara ya tapas unayotaka kwenda, ya kutembea na mwongozaji hapo Sevilla, tapas na vinywaji mara nyingi vinakuwa ndani ya bei uliyolipa, ila soma vizuri wameandika vinywaji vingapi, vya ziada unalipa mwenyewe.

Na kama huli nguruwe waambie mapema kabisa wakati wa kubuku, usisubiri mezani, kwa sababu hata salmorejo, ile supu nzito baridi ya nyanya na mkate, wanaimwagia vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, juu. Ulizia espinacas con garbanzos, mchicha na dengu zenye bizari nyembamba, tamu sana ile, na kama hunywi pombe agiza mosto, ni juisi ya zabibu na baa nyingi wanayo, ila hakikisha ni ile isiyo na pombe, maana huko Sevilla divai changa nayo wanaiita mosto.