Google Drive pekee haitoshi kuhifadhi kazi za usanifu
Kwa timu ya wasanifu wa michoro wanne inayotunza kazi zake zote Google Drive, hiyo pekee haitoshi. Mwenye folda ya pamoja akiifuta, wote mnaikosa, na pipa la taka huitunza siku 30 tu. Wekeni nakala 3: kwenye kompyuta, mtandaoni, na kwenye diski ya nje inayokaa jengo lingine. Diski hiyo ichomolewe kila mkimaliza kunakili, la sivyo virusi vinavyofunga faili vitaifikia nayo.

Kinachoumiza zaidi, na watu hukigundua wakiwa wamechelewa, ni faili kufunguka bila picha wala fonti (aina za herufi) zake. InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, huweka kiungo tu cha picha. Ukihamisha folda ya picha, kiungo kinaweza kukatika. Mradi ukiisha tumieni amri yake ya Package, ikusanye faili, picha na fonti mahali pamoja. Lakini fonti za Adobe Fonts, huduma ya fonti ya mtandaoni, haizikusanyi, kwa hiyo toeni pia PDF/X-4, aina ya PDF ya kuchapishia ambayo hubeba fonti ndani yake.

Majina yaanze na tarehe: 2025-03-14_bango_v03 (v03 ni toleo la tatu). Halafu kila mwezi fungueni mradi mmoja wa zamani kutoka kwenye diski, kwa kompyuta ambayo haikuutengeneza, muone kama unafunguka kamili.