Kabla ya kuita watu ufukweni, soma maji

Safu ya maswali ya wasomaji: shughuli za jamii na kazi za kujitolea katika miji ya bahari. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Kamati yetu iliita watu kusafisha ufuo Jumamosi saa tatu asubuhi. Wiki moja kabla, saa hiyohiyo, tulikwenda kukagua tukakuta ufuo mpana kama uwanja wa mpira. Siku yenyewe maji yalikuwa yamegota ukutani, watu wakasimama barabarani na magunia mikononi. Tulikosea wapi?

JIBU: Mlikosea palepale kwenye "wiki moja kabla". Pwani nyingi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25. Maana yake kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Zidisha mara siku saba, utapata karibu saa sita, ambazo ni safari nzima ya maji kutoka kupwa hadi kujaa. Ufuo uliokuwa mtupu saa tatu ya Jumamosi moja, saa tatu ya Jumamosi inayofuata utakuwa chini ya maji. Mngekagua wiki mbili kabla, mngekuta hali inayokaribiana na ya siku yenyewe.

Ndiyo sababu ratiba ya "kila Jumamosi ya kwanza, saa tatu kamili" haifai ufukweni, hata kama inapendeza kwenye bango. Mkishikilia siku, saa lazima ihame; mkitaka asubuhi, siku ndiyo ihame. Chukueni jedwali la maji la bandari iliyo karibu, tafuteni siku ambayo maji yanafika mwisho wa kupwa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kisha kazi ianze muda wa saa mbili kabla ya hapo. Mtafanya kazi mkifuata maji yanavyorudi nyuma, na jua bado halijawa kali.

Muda wa kumaliza ndio wenye hatari zaidi, kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kimo chote cha maji katika mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti kati ya maji kupwa na kujaa ni mita 3, saa ya kwanza yatapanda sentimita 25 tu, na kila mtu atasema bado kuna nafasi. Saa ya tatu yatapanda sentimita 75. Kwenye ufuo tambarare unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, hizo ni karibu mita 40 za mchanga zinazomezwa ndani ya saa moja, na mtu aliyeinama akiokota vizibo haoni. Wekeni sheria rahisi: saa moja baada ya maji kupwa kabisa, wote wanageuka kurudi juu. Anayefanya kazi nyuma ya miamba au kwenye ghuba ndogo yenye njia moja ageuke mapema zaidi.

Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukimbia mbali na kurudi juu sana. Zinafaa kwa kusafisha miamba ya chini, lakini hazisamehi waliochelewa. Kwa watoto na wageni, chagueni siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hayapandi wala hayashuki sana. Kumbukeni pia kwamba jedwali ni hesabu ya mwezi na jua tu. Upepo mkali unaovuma kutoka baharini hupandisha maji juu ya kimo kilichoandikwa. Na kuna bahari ambazo somo hili lote halina kazi kubwa: sehemu za Ghuba ya Meksiko hujaa mara moja tu kwa siku, na sehemu kubwa ya Mediterania kujaa na kupwa hakuonekani sana. Huko tazameni upepo na mawimbi.

SWALI: Tunatarajia watu 40. Tuwagawe vipi na tuandae vifaa gani?

JIBU: Makundi kumi ya watu wanne: wawili wanaokota, mmoja anashika gunia, mmoja anaandika. Mkiwaacha 40 watembee kama kundi la mbuzi, wote watajazana mita 100 za kwanza karibu na maegesho, na kona ya mbali ambako upepo hukusanya taka haitaguswa. Chomekeni vijiti vya alama kila mita 50 na kila kundi lipewe namba yake kabla halijashuka mchangani.

Magunia yaliyotumika ni bora kuliko mifuko myembamba ya plastiki, ambayo hupasuka kwenye matumbawe na kuongeza taka. Ndoo ni bora kuliko vyote siku ya upepo. Glavu ziwe nene. Zile nyembamba za mpira hazizuii kioo wala ndoana. Na msijaze gunia. Lita 50 za mchanga mbichi zina uzito wa kilo 90 hivi au zaidi, na taka za pwani daima huja na mchanga. Nusu gunia, lifungwe, libebwe na wawili.

Wavu uliofukiwa ndio unaovunja migongo. Watu sita wakiuvuta kwa mkupuo, wavu haung'oki. Unakatika juu na kuacha shina lake chini, au unaachia ghafla wote wanaanguka. Chimbeni pembeni kwa sepetu, kung'uteni mchanga, kateni kipande cha mita moja kwa kisu cha meno, toeni, rudieni. Ukiwa bado umezama matumbaweni, kateni kilicho huru tu.

Mwani uliosukumwa ufukweni si taka, hata ukinuka. Huzuia mchanga usipeperuke na hulisha wadudu ambao nao huliwa na ndege. Okoteni plastiki iliyonaswa ndani yake, mwani wenyewe uacheni. Kwenye fukwe wanakotaga kasa msipitishe trekta wala msichimbe wakati mayai yamo. Hukaa mchangani karibu miezi miwili kabla ya kuanguliwa.

Jambo ambalo karibu kila kamati husahau ni gari la kubeba taka. Lipatikane kabla tangazo halijatoka. Rundo la magunia linaloachwa juu ya ufuo "hadi Jumatatu" hutobolewa na mbwa na kunguru, na bamvua inayofuata hulirudisha lote baharini.

SWALI: Nini kifanyike kikipatikana kitu cha hatari, kama sindano au pipa lisilojulikana?

JIBU: Watu wawili tu katika kikosi kizima waruhusiwe kugusa sindano, na wote wajulishwe ni nani. Chombo kiwe cha plastiki ngumu chenye mfuniko wa kuzungusha, si chupa ya maji. Kiwekeni chini mchangani karibu na sindano. Kisishikwe na mtu mwingine wakati wa kutia, maana wengi huchomwa hapo. Sindano ishikwe kwa koleo katikati ya bomba, ncha ikitazama mbali, iingie ncha kwanza. Kifuniko cha sindano kisirudishwe.

Aliyechomwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilinyonye wala kulisugua, na aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kinga dhidi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Atazamwe pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Pipa, mtungi, fataki za ishara za meli, kitu chochote kinachofanana na silaha: msiguse, msiviringishe, msifungue ili kunusa. Kaeni upande ambao upepo unatokea, wekeni mtu wa kuzuia wapita njia, pigeni picha kwa mbali na muite mamlaka. Hata kitu kidogo kinaweza kudanganya. Kwenye fukwe za Baltiki vipande vya fosforasi kutoka mabomu ya Vita Kuu ya Pili hufanana na kaharabu, na mtu akikitia mfukoni, kikikauka hujiwasha chenyewe.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu huokota taka kila muhula, lakini wanauliza kwa nini wahesabu badala ya kupima kilo tu. Nawajibu nini?

JIBU: Mwalimu, waambie kilo hupima maji na mchanga. Kamba moja ya meli iliyolowa hushinda vizibo elfu moja kwa uzito, ilhali vizibo elfu moja ndivyo vinavyoeleza taka inatoka kwa nani. Usafi wa Pwani wa Kimataifa, unaofanyika kila Jumamosi ya tatu ya Septemba, ulianzia Texas mwaka 1986, na tangu mwanzo washiriki walipewa karatasi ya kuhesabu.

Chagua mita 100 za ufuo, zipimwe kwa kamba, na mrudi palepale kila mara. Mkibadilisha mahali, hamwezi kulinganisha. Hesabuni kutoka ukingo wa maji hadi yanapoanza majani au ukuta. Kazi huharibika kwenye vipande: kundi moja huandika chupa iliyovunjika mara tatu kuwa chupa tatu. Kubalianeni kabla: kipande kinachotambulika huhesabiwa kwa jina la kitu chake, na vipande vitatu vya chupa moja ni chupa moja. Kisichotambulika kiingie kwenye mstari wa "vipande vya plastiki". Ambapo hamkukuta kitu, andikeni 0. Nafasi tupu huacha swali kama mlitazama au mlisahau.

Wakubwa kidogo wanaweza kutafuta plastiki ndogo, zile chini ya milimita 5. Wekeni fremu ya sentimita 50 kwa 50 kwenye mstari wa juu wa mwani, choteni mchanga wa juu wa sentimita 5, umwagieni kwenye ndoo ya maji ya bahari na mkoroge. Polithini na polipropilini huelea, pamoja na vile vidonge vidogo vya duara ambavyo viwanda huyeyusha kutengenezea bidhaa. Chupa za soda, ambazo ni PET, huzama, na mabomba ya PVC pia. Kwa hiyo ndoo isiyo na kitu juu haimaanishi mchanga ni safi.

SWALI: Kwenye tamasha letu la ufukweni mahema mawili yaliruka mchana ingawa asubuhi kulikuwa shwari kabisa.

JIBU: Asubuhi shwari ndiyo dalili yenyewe. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza pengo. Upepo huo huamka kabla ya adhuhuri na kuwa na nguvu zaidi alasiri, wakati ambapo watu wamejaa chini ya mahema.

Vigingi havishiki kwenye mchanga mkavu. Jazeni mchanga kwenye mfuko wa lita 20, ufungeni kamba katikati, uzikeni kina cha sentimita 60 na kamba itoke kwa mshazari kuelekea nguzo. Kila mguu uwe na wake. Uzito wa juu ya ardhi nao husaidia ikiwa umefungwa kwenye fremu, angalau kilo 20 kwa mguu. Ndoo iliyowekwa tu kando ya nguzo ni pambo. Kuta za hema za upande wa bahari ziondolewe, vinginevyo mmetengeneza tanga. Maputo msiyarushe hewani: hurudi baharini yakiwa yamepasuka, na kasa huyameza.

SWALI: Kikundi chetu kilipanda miche mingi ya mikoko, baada ya miezi michache imebaki ya kuhesabika. Tununue miche zaidi?

JIBU: Hapana, kwanza tazameni mlipopanda. Vikundi vingi hupanda kwenye tope tupu la chini kwa sababu hakuna mwenye shamba hapo, lakini tope hilo halina mikoko kwa sababu mikoko haiwezi kuishi hapo. Hukaa ndani ya maji muda mrefu mno kila siku. Mikoko huota kwenye nusu ya juu ya eneo la kujaa na kupwa. Tafuteni miche iliyojiotea yenyewe karibu, pimeni kimo chake, na mpande kimo hichohicho. Kama hakuna hata mmoja uliojiotea wakati miti mizazi ipo jirani, basi kuna kitu kinazuia: barabara iliyoziba mkondo, ukuta, mifugo. Mkifungua mkondo, mara nyingi mikoko hurudi bila kupandwa.

Kwa mbegu ndefu za mkoko, chomeka theluthi moja tu topeni, ncha chini na kichwa chenye kikonyo juu, nafasi ya mita moja. Mchu, aina nyingine ya mikoko, una mbegu fupi, wenyewe uoteshwe kitaluni kwanza. Msipande juu ya nyasi bahari. Mtaua kimoja na cha pili kisiote. Na mtakapotoa taarifa, msitaje idadi iliyopandwa. Tajeni iliyo hai baada ya mwaka.

SWALI: Mwanzo walikuja watu 80 kusafisha ufuo, sasa wanakuja 12. Tufanyeje?

JIBU: Angalieni saa mnayomaliza. Anayejitolea anayeambiwa kazi ni ya muda wa saa mbili akazuiliwa kwa saa nne, akasikiliza na hotuba juu yake, harudi. Maelekezo ya mwanzo yasizidi dakika kumi. Wageni rasmi waokote kwanza, waseme baadaye, tena kwa wanaotaka kubaki. Kisha wapeni hao 12 kazi zenye jina: mwenye jedwali la maji, mwenye chombo cha sindano, mwenye orodha ya walioshuka na waliopanda. Siku tatu baadaye wote waliohudhuria wapelekewe hesabu ya kilichookotwa, kitu kwa kitu. Na kama 12 wanatosha kwa mita 100 zenu, msihangaike na 80.