Kompyuta ya skuli inasema diski mbovu, fundi anasema tuifomati

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika skuli moja ya sekondari huku Wete, Pemba. Kompyuta yetu ya ofisini, ya mezani, kwa wiki tatu kila ikiwashwa ilikuwa ikiandika "S.M.A.R.T. Status BAD, Backup and Replace. Press F1 to Resume". Tukibonyeza F1 inaendelea, na kazi tunafanya. Juzi umeme ulikatika, uliporudi ikaandika maneno mengine: "Reboot and Select proper Boot device or Insert Boot Media in selected Boot device and press a key". Tumebonyeza vitufe vyote, inarudia yale yale. Kijana mmoja fundi wa hapa anasema ifomatiwe iwekwe Windows upya. Alama za wanafunzi za miaka minne zimo humo. Tumkubalie?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Msimkubalie, angalau si leo. Na kompyuta muizime, mchomoe waya ukutani, kisha msome haya kwa utulivu.

Hayo maneno mawili hayasemi jambo moja, na ndiyo maana nasita kumwachia mtu aliyeyaona akakimbilia kufomati, yaani kuifuta diski. La kwanza limetoka ndani ya diski yenyewe, kwa mfumo wake wa kujikagua uitwao S.M.A.R.T.: ni mbovu, wekeni kopi, muibadilishe. La pili limetoka kwenye kompyuta, nalo linasema tu kwamba imetafuta pa kuanzia kazi haikupaona.

Tuanze na lile la wiki tatu. Diski ya kawaida (hard disk) ina sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake bila kuzigusa, kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya moshi. Sehemu za sahani zikianza kuchakaa, diski haipigi kelele papo hapo. Kiwandani imewekewa sehemu za akiba, basi ikikuta pabovu inahamishia data kwenye akiba na kuhesabu. Ni kama jahazi kuukuu linalokalafatiwa kila safari: linasafiri, abiria hawajui, lakini pamba inapungua. Hesabu ikipita kiwango alichoweka mtengenezaji, diski inaripoti BAD. Kwa hiyo ile haikuwa tahadhari ya kwanza, ilikuwa ya mwisho. F1 maana yake ni "nimesikia, endelea". Haitibu kitu. Siwalaumu, nimeziona kompyuta ambazo kitufe cha F1 kimefutika maandishi.

Sasa hili la pili. Kompyuta ikiwashwa, programu ndogo iitwayo BIOS, iliyomo kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), inakagua ram na kibodi, inaziuliza diski hali zao, kisha inafuata orodha ya wapi pa kuwashia. Kwa mashine za mtindo wa zamani inasoma baiti 512 za mwanzo wa diski na kutafuta alama ya baiti mbili mwishoni mwake, kama karani anayetafuta muhuri kwenye barua. Hakuna muhuri, barua hairuhusiwi kupita, na ndipo mnapoandikiwa hayo. Mashine za UEFI, yaani za mtindo mpya, zinatafuta kisehemu maalumu cha diski badala ya muhuri, lakini mwisho wa safari ni huo huo.

Kwa nini isipaone? Kwa maelezo yako nina sababu nne, na tatu kati yake hazina uhusiano na diski kufa.

Chomoeni kwanza kila flashi, isije kompyuta ikawa inatafuta pa kuwashia humo. Msicheke, flashi iliyosahauliwa nyuma ya kompyuta imewahi kunilipa chakula cha mchana, ingawa baadaye niliona haya nikarudisha pesa. Halafu washeni mkigonga Delete au F2 mara kwa mara muingie kwenye BIOS. Hapo kuna mambo mawili ya kutazama, basi. Tarehe, na orodha ya diski.

Tarehe ikionesha miaka ya nyuma kabisa, betri ya mazabodi imekufa. Ni ile ya duara mfano wa sarafu, CR2032, ya volti 3, na huuzwa hata kwenye maduka ya saa. Umeme ukiwapo ukutani hamjui kama imekufa; ukikatika tu, BIOS inasahau mipangilio yote, ikiwamo ipi ndiyo diski ya kuwashia na kama mashine iende kwa mtindo wa UEFI au wa zamani. Hilo linaendana sana na kisa chenu cha juzi. Badilisheni betri, rudisheni diski iwe ya kwanza kwenye orodha, jaribuni mtindo mmoja kisha mwingine. Kufanya hivyo hakufuti kitu.

Orodha ya diski ndiyo yenye uzito zaidi. Jina la diski likionekana, hata kama haiwashi, alama zenu zina nafasi nzuri. Likikosekana, zimeni, chomoeni ukutani, shikeni kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki utoke, gusa bati la kava ndipo mkono uingie ndani. Diski ina waya mbili: mwembamba wa data na mpana wa umeme. Zote zichomoeni, zitazameni. Sisi watu wa visiwani tuna adui ambaye vitabu vya bara havimtaji sana, hewa ya chumvi. Meno ya viunganishi yanaota kutu ya kijani au weupe kama unga, hasa ofisi iliyoelekea bahari na madirisha hayafungwi. Kompyuta nyingi zilizoletwa kwangu kama "diski imekufa" zilipona kwa kubadili waya wa data na kuuhamishia tundu jingine la mazabodi. Msikwangue kwa kisu. Kuchomeka na kuchomoa mara tatu nne kunatosha kusugua.

Lakini nisiwape matumaini ya uongo: waya mbovu hauwezi kutunga ule ujumbe wa wiki tatu. Hata diski ikirudi leo, inaondoka. Ikirudi, imerudi kuaga.

Na isikilizeni. Ikivuma sawasawa, vizuri. Ikigonga tik-tik-tik kwa mpigo mmoja, vichwa haviioni njia, na kila dakika mnayoiacha imewaka inaweza kukwaruza sahani. Hapo zimeni na msiwashe tena. Wapo watakaowaambia muiweke kwenye friji usiku mmoja. Kwa unyevu wa hewa yetu, mkiitoa itatoka jasho kama chupa ya soda, na maji hayo ndani ya diski ndiyo maziko yake.

Ikiwa inaonekana na haigongi, kazi ni moja tu, kutoa mafaili. Siyo kuitengeneza. Tafuteni adapta ya kuunganisha diski kwa USB na kompyuta nyingine nzima, au muwashe hiyo hiyo kwa Ubuntu (mfumo wa bure wa Linux, badala ya Windows) kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Toeni kwa mpangilio: kwanza folda ya alama, pili mitihani na barua, picha za mahafali mwisho. Mtu hukopi diski nzima kuanzia herufi A, ikafia kwenye video za michezo kabla ya kufika anachokitaka.

Hapa pana mitego miwili. Mkiichomeka kwenye Windows nyingine, inaweza kuwaandikia "You need to format the disk in drive E: before you can use it". Bonyezeni Cancel. Windows haimaanishi diski ni tupu, inamaanisha imeshindwa kusoma jinsi ilivyopangwa, na ushauri inaoutoa ni wa mtu asiyejua kilichomo. Mtego wa pili ni chkdsk yenye /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Hiyo ni nzuri kwa diski nzima iliyochafuka baada ya umeme kukatika, ila kwa inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa uwanjani: inasoma kila sehemu, mbovu na nzima, kwa masaa, na inaandika juu ya hiyo hiyo diski.

Ikikwama sana, kuna ddrescue, programu ya kuokolea data ndani ya Linux. Uzuri wake inachukua panaposomeka kwanza, pabovu inaparuka na kuparudia baadaye, na mkiipa faili la kumbukumbu (mapfile), ikikatishwa inakumbuka ilipofika. Angalizo moja: chanzo huandikwa kwanza, pa kupelekea baadaye. Mkigeuza, mmeifuta diski ya alama kwa mikono yenu.

Kwa wasomaji wengine ambao kompyuta zao zinaandika tofauti, kwa haraka: laptopu ya HP ikisema "Hard Disk (3F0)", ni ndugu wa ujumbe huu wa pili, haijaona pa kuwashia. "Hard Disk 1 (301)" ni ndugu wa ule wa kwanza, toeni mafaili leo. "BOOTMGR is missing" ni nafuu, maana diski imeonekana na kusomeka, kilichopotea ni kipande cha Windows, na kawaida hutengenezeka bila kufuta kitu. Windows ikianza kisha ikatoa skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, angalieni kwanza kama mpangilio wa SATA (namna diski inavyozungumza na mazabodi) kwenye BIOS haujabadilika, na hapo tena namshuku betri.

Mwalimu, mkishapata mafaili, wekeni diski mpya ya SSD; ya GB 240 yatosha kazi za ofisi. Hizo hazigongi wala hazina sahani, lakini nyingine hufa ghafla bila kuaga, kwa hiyo kopi ya pili iwe nje ya kompyuta, na si kwenye flashi inayokaa imechomekwa humo humo. Halafu UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Umeme wenu tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, kama wetu wa Unguja unavyotokea Ras Kiromoni, bara karibu na Dar es Salaam, kuingia Fumba. Tulipokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, karakana yangu ilijaa diski, na nyingi hazikuharibiwa na kiza bali na majenereta ya kuzima na kuwasha.

Kama inagonga na mkaamua kuniletea kwa boti, toeni diski peke yake, kava libaki. Iwekeni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, muizungushie taulo kavu, muitie kwenye kopo gumu. Ikiwa imezimwa vichwa vyake vimepumzika pembeni, inastahimili mtikiso kuliko mnavyodhani. Aibebe mtu mkononi, isipakiwe na mizigo, na isiwekwe chini ya kapu la samaki. Iliwahi kunifikia moja hivyo kutoka Mkoani, ikabidi nioshe mikono mara mbili kabla hata sijaifungua.