Maji ya korongo ndani ya kompyuta: ushauri kwa anayeanza

Ukichagua kuiga mafuriko kwa kompyuta kuwa mada ya memwari (tasnifu) yako, iwe ni mto Kawa unavyoshuka Kadutu, mjini Bukavu, kwenda Ziwa Kivu au makorongo ya Kalehe, Kivu Kusini, yaliyobomoa Bushushu na Nyamukubi tarehe 4 Mei 2023, utakutana na milinganyo ya maji ya kina kifupi ambayo Saint-Venant aliitoa mwaka 1871. Ni sheria za uhifadhi za aina ya haipaboliki: habari husafiri kwa kasi yenye kikomo, na uso wa maji uliokuwa laini unaweza kusimama wenyewe ukawa ukuta, yaani mshtuko. Hapo ndipo mbinu nyingi za darasani zinaposhindwa.

Wanaoanza huogopa programu inayolipuka, yaani nambari zake zinakua bila kikomo. Hiyo ina adabu: inakuonyesha NaN ("si nambari") na unajua kuna kosa. Ya kuogopwa ni ile inayofika mwisho bila kelele, inachora picha safi, kumbe maji yamekwenda kwa kasi ya uongo.

Usianze na ramani ya Bukavu. Anza na mlinganyo wa Burgers wa upande mmoja (mhimili x peke yake; u husafiri kwa kasi ya u yenyewe), seli 100, yaani vipande 100 vya umbali, mistari kama arobaini ya Python. Ukitumia tofauti ya katikati (seli ya kulia toa seli ya kushoto, gawa kwa 2dx, dx ikiwa upana wa seli) pamoja na hatua ya Euler ya mbele, mawimbi mafupi yatakua kwa kila hatua, hata uwiano wa dt (hatua ya muda) na dx uwe mdogo kiasi gani. Ukipunguza dt unauchelewesha mlipuko tu. Sharti la CFL, lililotolewa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, linadai kwamba wimbi lisivuke zaidi ya seli moja katika hatua moja. Lakini sharti hilo ni la lazima, halitoshi peke yake, na skema (kanuni ya kukokotoa) hiyo ya katikati ni ushahidi: inalitimiza na bado inalipuka. Ukichukua tofauti kutoka upande wimbi linakotoka, utulivu unapatikana mradi kasi mara dt gawa kwa dx, nambari tutakayoiita CFL, isizidi 1.

Sasa jaribu hili kwa mkono wako. Weka u = 1 kushoto na u = 0 kulia, kisha tumia umbo la u mara mteremko wa u, ukichukua tofauti kutoka kushoto. Katika seli zenye 1, tofauti na jirani wa kushoto ni sifuri, kwa hiyo hazibadiliki. Katika seli zenye 0, kizidishi u ni sifuri, nazo hazibadiliki. Mshtuko unabaki palepale milele, wakati jibu sahihi ni kwamba uende kwa kasi ya 0.5. Hakuna mlipuko, hakuna NaN, na jibu si sahihi hata kidogo. Dawa yake ni kuandika skema kwa umbo la uhifadhi:

u_i mpya = u_i − (dt/dx) · (F kulia − F kushoto)

F ni mtiririko unaopita kwenye mpaka kati ya seli mbili, na kinachotoka seli moja ndicho kinachoingia kwa jirani, nambari ile ile. Lax na Wendroff walithibitisha mwaka 1960 kwamba skema ya umbo hili, ikiwa inakubaliana na mlinganyo na matokeo yake yakakaribia kitu fulani gridi inapozidi kuwa ndogo, basi kitu hicho ni suluhisho dhaifu la sheria, yaani jibu linaloruhusiwa kuwa na miruko, lenye mishtuko inayokwenda kwa kasi sahihi. Kwa hiyo kwenye programu hesabu F mara moja kwa kila mpaka, uongeze upande mmoja na kutoa upande wa pili. Anayezungusha kitanzi kwa seli na kuhesabu F mara mbili kwa kanuni mbili tofauti kidogo anavujisha maji bila kujua.

Hata hivyo suluhisho dhaifu linaweza kuwa zaidi ya moja. Weka u = −1 kushoto na u = 1 kulia. Mtiririko wa Burgers ni u²/2, yaani 0.5 pande zote mbili, na skema ya Roe (1981) isiyorekebishwa inaona kasi ya wastani ni sifuri, hivyo inauacha mruko huo kutoka −1 hadi 1 umesimama. Kiasili ulipaswa kufunguka uwe wimbi la kupanuka, na mtiririko sahihi wa Godunov (unaotokana na jibu kamili la mpakani) ni 0. Kwenye maji, kosa hili hujitokeza pale mwendo unapovuka kutoka wa polepole kwenda wa kasi, kwa mfano kwenye ukingo wa maporomoko madogo: unaona ngazi isiyo na sababu katikati ya mteremko wa maji. Ukitumia Roe, weka marekebisho ya entropia, yanayozuia miruko ya uongo kama huo. Ushauri wetu kwa mwanzo ni kutumia Rusanov:

F = ½ (f kushoto + f kulia) − ½ a (u kulia − u kushoto)

ambapo a ni kasi kubwa kuliko zote kati ya pande mbili. Inapaka mishtuko kwenye seli kadhaa, lakini ni ngumu kuiharibu. Baadaye hamia HLL, iliyotolewa mwaka 1983 na Harten, Lax na van Leer, ambayo haipaki sana kama Rusanov na bado ni fupi kuandika.

Kwa maji, kasi za mawimbi ni u ± √(gh), u ikiwa kasi ya maji, h kina na g mvutano wa dunia. Kina cha mita 2 kinatoa √(9.81 × 2) = 4.43 m/s, maji yakitembea kwa 3 m/s, kasi kubwa ni 7.43 m/s. Kwa seli za mita 10 na CFL ya 0.9, dt ni sekunde 1.21. Hesabu dt upya kila hatua, maana kasi hubadilika. Katika hatua tano za kwanza tumia CFL ya 0.2: maji bado yametulia, programu inaona 4.43 tu, lakini mbele ya wimbi kwenye ardhi kavu itakimbia mara mbili ya hapo. Ukiingia kwenye mihimili miwili na kusasisha x na y pamoja, usivuke 0.5.

Sasa mteremko wa ardhi. Hapa ndipo memwari nyingi za nchi yetu ya milima zinaweza kufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua Ziwa Kivu siku isiyo na upepo. Uso uko sawa, kasi ni sifuri, lakini chini hakuko sawa: seli ya kushoto ina kina cha mita 2, ya kulia mita 1 kwa sababu ardhi imepanda mita 1. Ukitumia Rusanov moja kwa moja juu ya h, sehemu ya wastani inatoa sifuri kwa mtiririko wa maji, lakini sehemu ya pili inatoa −½ × 4.43 × (1 − 2), karibu mita za mraba 2.2 kwa sekunde. Yaani kwa kila mita moja ya upana, mita za ujazo 2.2 za maji zinapanda mlima kila sekunde kutoka kwenye ziwa lililolala. Kupunguza dt hakusaidii hapa pia. Kosa limo ndani ya kanuni yenyewe.

Njia inayotumika sana ni ya Audusse na wenzake, ya mwaka 2004. Ukiita kimo cha ardhi b, kwenye kila mpaka chukua b* = ile kubwa kati ya b ya kushoto na ya kulia. Kisha tengeneza kina kipya kila upande: h* = max(0, h + b − b*). Hesabu F kwa kutumia h* hizo na kasi u za mwanzo. Mwisho, kwenye mlinganyo wa momenta (hu, kina mara kasi) peke yake, seli ya kushoto inapokea F + (g/2)(h² − h*²) kwa kina chake, na ya kulia vivyo hivyo kwa kina chake. Katika mfano wetu h* ni 1 pande zote, tofauti ni sifuri, ziwa linalala. Jaribio lenyewe: weka ardhi yenye vilima, uso tambarare, kasi sifuri, endesha hatua 1,000. Kasi kubwa kuliko zote ibaki karibu na kosa la mkato la kompyuta, yaani lile la kukata tarakimu za mwisho. Ukiona 0.001 m/s usiseme ni ndogo, tafuta kosa.

Njia hii ina udhaifu wake, na kwenye vilima vya Bukavu utauona haraka. Kwa seli za mita 30 na mteremko wa asilimia 10, ardhi inashuka mita 3 kati ya seli na seli. Maji yakiwa na kina cha nusu mita, h* ya upande wa chini inakuwa sifuri, na skema haitambui tena kama ardhi imeshuka mita 1 au mita 10. Maji yanashuka polepole kuliko inavyostahili. Punguza seli, au tumia skema ya mpangilio wa pili wa usahihi inayojenga upya uso h + b pamoja na kina ndani ya seli. Usipitishe matokeo ya seli za mita 30 kwenye korongo lenye upana wa mita 8. Hakuna skema itakayokuokoa hapo.

Ukingo mkavu ndio chanzo cha NaN nyingi. Kasi hupatikana kwa kugawa hu kwa h, na h ikiwa 0.0000001 kosa dogo la hu linakuwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, dt inaporomoka, programu inaonekana kama imeganda. Weka kizingiti, tuseme milimita 1: chini ya hapo kasi ni sifuri. Usifute h hasi kimyakimya kwa kuifanya sifuri, kwa kuwa hapo unaumba maji. Rusanov na HLL zikitumiwa na CFL sahihi hazitoi h hasi, kwa hiyo ukiiona, ni dalili ya kosa.

Na msuguano? Kanuni ya Manning kwa kijito cha mawe, n (ukwaruzo wa chini) = 0.05, kina sentimita 1, kasi 1 m/s, inatoa g n² |u| / h^(4/3) = 11.4 kwa sekunde. Ukiitoa moja kwa moja kwa dt ya sekunde 1, kasi mpya ni 1 − 11.4 = −10.4 m/s: msuguano umerudisha maji mlimani! Gawanya badala ya kutoa: hu mpya = hu / (1 + dt × 11.4). Inabaki chanya, inapungua, basi.

Kuhusu usahihi wa juu, Godunov alionyesha mwaka 1959 kwamba skema ya mstari isiyozalisha vilele vipya haiwezi kuvuka mpangilio wa kwanza. Ndiyo maana Lax–Wendroff huacha mikunjo kando ya mshtuko. Vidhibiti vya mteremko kama minmod au cha van Leer, vinavyopunguza mteremko ndani ya seli karibu na mshtuko, hukwepa kikomo hicho kwa kuwa si vya mstari. Kwa muda, tumia Runge-Kutta ya hatua mbili inayolinda uthabiti: piga Euler mara mbili, kisha chukua wastani wa mwanzo na mwisho.

Jambo linalosahauliwa ni nambari zenyewe. Bukavu iko kwenye ukanda 35 Kusini wa UTM (mfumo wa viwianishi vya ramani kwa mita), na umbali wake wa kaskazini unazidi mita milioni 9.7. Kwa nambari za biti 32, pengo kati ya nambari mbili jirani huko ni mita 1 nzima. Na uso wa ziwa, karibu mita 1,460 juu ya bahari, una pengo la milimita 0.12. Tumia biti 64, na toa thamani ya msingi kwenye viwianishi kabla ya kuanza. Ramani za SRTM, za kimo cha ardhi zilizopimwa kutoka angani, nazo huja kwa mita kamili, hivyo huzaa ngazi na vibwawa visivyokuwepo. Vitazame kabla ya kuilaumu skema.

Kabla ya korongo halisi, pitia jibu la Ritter la 1892: ukuta wa bwawa unaondolewa ghafla, chini ni tambarare na pakavu. Kwa maji ya mita 2, kina pale ukuta ulipokuwa lazima kikae kwenye 4/9, yaani mita 0.89, na mtiririko uwe mita za mraba 2.6 kwa sekunde. Mbele ya wimbi nadharia inatoa 8.86 m/s, skema yako itachelewa kidogo hapo, kwa sababu maji ni membamba mno. Punguza seli kwa nusu mara tatu, uandike kosa kila mara. Kwa mihimili miwili kila nusu inagharimu mara nane ya kazi, hivyo hifadhi hali ya seli zote kwenye diski kila dakika kumi. Umeme ukikatika saa nne za usiku utaendelea pale ulipoishia.

Halafu kuna suala la kile unachodai. Kilichoshuka Kalehe kilibeba matope na mawe makubwa. Milinganyo ya maji matupu yenye msuguano wa Manning haiwezi kutoa unene wa tope lililobaki nyuma, wala nguvu ya jiwe linalogonga nyumba. Lava ya volkano ya Nyiragongo iko mbali zaidi na milinganyo hii, kwani inapoa na kuganda njiani. Andika hilo kwenye ukurasa ule ule wenye ramani yako, karibu na rangi zinazoonyesha kina.