Maswali ya Wasomaji: Sauti Hafifu na Feni Inayovuma

SWALI: Nilimrekodi bibi yangu kwa simu akisimulia maisha ya zamani, huku feni ikizunguka chumbani. Sauti yake ni hafifu mno. Nikiiongeza kwa programu ya Audacity, feni nayo hupanda, na bibi anapocheka sauti hukwaruza. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kuongeza sauti hunyanyua kila kilichomo kwenye faili kwa kiwango kilekile, maneno na mvumo pamoja, kwa hiyo anza na kelele, na ukubwa wa sauti uuache mwishoni. Fanyia kazi nakala ya faili la awali lililomo kwenye simu, wala si ile iliyopitia WhatsApp, ambayo huweza kubana sauti na kupoteza sehemu ya ubora wake.

Kwanza, ondoa sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), ambako sauti ya bibi haifiki lakini mtikisiko wa meza na mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 hufika. Kisha chagua sekunde moja au mbili ambazo feni inasikika peke yake, uipe programu izitumie kuitambua kelele hiyo, na uipunguze kwa desibeli 6 hadi 12 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Usitamani kuifuta kabisa, kwa sababu ukizidisha, maneno huanza kusikika kama yanatoka majini. Binafsi ningevumilia feni kidogo kuliko kuiharibu sauti ya msimuliaji.

Kuhusu mkwaruzo, sauti ya kidijitali ina dari, nayo ni desibeli 0, na wimbi linalopita hapo hukatwa kichwa. Kwa kuwa kicheko hukwaruza baada tu ya wewe kuongeza sauti, faili la awali bila shaka ni zima. Lingekuwa limekatwa tangu kurekodiwa, tiba yake ingekuwa ndogo sana. Tumia kompresa, ambayo hushusha vilele kama hicho kicheko na kuacha maneno ya kawaida yalivyo, kisha pandisha yote hadi kilele kifike desibeli -1.

Maneno yakisikika kwa nguvu lakini hayaeleweki, tatizo ni konsonanti. Ongeza desibeli 3 hivi kati ya hezi 2,000 na 4,000. Ukizidisha desibeli hizo, kila "s" itapiga mluzi.

Bibi akikubali kusimulia tena, zima feni ikiwa joto la Tanga linaruhusu, na umsogezee simu, ukiiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yake hupanda kwa takriban desibeli 6 ilhali feni hubaki ilipo, kwa hiyo kutoka mita 1 hadi sentimita 25 unapata desibeli 12 bila programu yoyote.