Maswali ya Wasomaji: Redio ya CB ya Zamani, Bei Halali ni Ipi?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni dereva wa lori hapa Ohio, Marekani. Kuna mzee anauza redio ya CB (ya kuongea na madereva na watu wengine walio karibu) ya Midland, ya kufunga kwenye gari, AM, chaneli 23. Anataka dola 150, anasema ni ya kale na haipatikani tena. Aliiwasha, taa zikawaka, lakini spika ikawa kimya. Akasema ni kwa sababu maiki imepotea. Nitoe hiyo hela?
Msomaji, Columbus

JIBU: Usitoe, ndugu yetu. Chaneli 23 zinakuonyesha umri tu. Marekani iliruhusu chaneli 40 kuanzia tarehe 1 Januari 1977, kwa hiyo hiyo ni ya kabla ya hapo. Lakini baada ya uhaba wa mafuta wa 1973 na sheria ya mwendo wa maili 55 kwa saa, madereva wa malori na watu wengine walizinunua redio hizi kwa mamilioni, na nyingi bado zimejaa magarajini. Redio ya gari ya AM ya chaneli 23, nzima na iliyopimwa, kwa kawaida huuzwa dola 20 hadi 50. Zinazofika mamia ni za mezani zinazosakwa na wakusanyaji: Browning Golden Eagle na Tram D201 zenye valvu (taa za kioo za kabla ya transista), au Cobra 2000 GTL yenye SSB (njia ya kurusha sauti inayofika mbali kuliko AM).

Usitazame bei ambazo wauzaji wanaomba. Kwenye eBay chuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, tafuta modeli ileile, kisha shika bei ya katikati ya zile zilizothibitishwa kuwa nzima. Hapo ndipo unapoanzia kupunguza.

Kuhusu maiki, huenda mzee anasema kweli. Katika redio nyingi za wakati ule waya wa spika hupitia kwenye swichi ya maiki, kwa hiyo ukiichomoa redio haisikiki. Ila maneno hayo hayathibitishi kwamba ni nzima. Tafuta maiki yenye mpangilio uleule wa pini (idadi ya pini kulingana haitoshi), kisha ipime.

Ipe umeme wa volti 13.8 unaoweza kutoa ampea 3. Unganisha mita ya wati, na badala ya antena weka mzigo wa majaribio wa omu 50, yaani kifaa kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha hewani. Bonyeza maiki bila kusema kitu: wati 3 hadi 4 ni sawa. Sindano isipotikisika kabisa huku redio inapokea vizuri, mshukiwa wa kwanza ni transista ya mwisho ya kurushia, ambayo mara nyingi huungua mtu akirusha huku antena imekatika. Transista halisi za zamani ni adimu na za bandia zimezagaa, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni ubovu mdogo.

Halafu, na hapa wengi huteleza, zungusha kitufe chaneli kwa chaneli, ukirusha katika zote 23. Redio nyingi za kundi hili hutengeneza masafa yake kwa kuchanganya kristali (vipande vidogo vinavyotetema kwa masafa maalumu): seti ya sita, na seti nyingine za nne nne. Ikifa moja ya zile sita, unapoteza chaneli zinazofuatana, mfano 5, 6, 7 na 8. Ikifa moja ya zile nne, zinapotea kwa kuruka: 1, 5, 9, 13, 17, 21. Kabla ya kulaumu kristali zungusha kitufe mara nyingi huku na huku, maana uchafu kwenye swichi huleta dalili zinazofanana na hizo, na dawa yake ni dawa ya kusafishia swichi tu. Ikiwa kweli ni kristali, achana nayo. Kuagiza ya kukatwa upya kunaweza kuzidi bei ya redio yenyewe.

Mwisho fungua kifuniko. Nta juu ya koili (nyaya zilizozungushwa) iwe haijaguswa. Viini vya koili vilivyopasuka vinaonyesha kuna mtu alikuwa akitafuta wati za ziada kwa bisibisi. Kapasita zilizovimba au mvumo kwenye spika ni uzee wa kawaida, fundi anabadilisha, lakini toa gharama yake kwenye bei.

Kwa hali ilivyo sasa, bila maiki na bila kupimwa, dola 15 zinatosha. Akigoma, mwache nayo.

SWALI: Nimeona redio yenye alama ya CB 27/81 kwa pauni 40. Je, nitaongea na shemeji yangu wa hapahapa mjini aliyekuja na redio ya Marekani?
Msomaji, Leicester

JIBU: Hapana. Hiyo ni ya mfumo ulioruhusiwa Uingereza Novemba 1981: FM, kati ya megahezi 27.60125 na 27.99125. Ya shemeji ni AM, na masafa yake yanaishia 27.405, kwa hiyo hamtakutana hata mkiwa mmepakana. Mkitaka kuongea, kila mmoja anunue ya 27/81, au wewe tafuta ya kisasa yenye AM na chaneli 40 za Ulaya, ambazo masafa yake ni yaleyale ya Marekani.